Mwanangu ni interni, anakesha kisha anaendelea na kazi: je, saa za madaktari vijana ziwekewe ukomo?

SWALI: “Daktari, mimi ni dereva wa mabasi ya mikoani, kazi hii nimeanza kabla huyu mwanangu hajaingia darasa la kwanza. Sasa amemaliza udaktari, yuko interni, yale mafunzo ya kazini kabla ya usajili kamili, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Wiki akipangiwa zamu ya mwisho wa juma, anaingia Jumamosi saa moja asubuhi, anatoka Jumapili jioni, na Jumatatu saa moja yuko tena kwenye raundi. Juzi kapitiliza kituo cha daladala mpaka mwisho wa njia, konda ndiye aliyemwamsha. Sisi kwenye basi la safari ndefu tunakuwa madereva wawili. Yeye anawadunga watu sindano na kushika kisu akiwa hajalala tangu jana. Nilipomuuliza akasema bosi wao amewaambia, ‘Sisi tulisota zaidi ya hapo, mwili unazoea.’ Mama yake naye anasema tukipunguza saa za madaktari, wagonjwa watakufa kwa kukosa wa kuwaona. Naomba unieleze: mwili unazoea kweli? Ziko nchi zilizoweka ukomo, na zilipata nini? Na mimi kama baba, niende nikaongee na hospitali?”

JIBU: Baba Daktari, shikamoo. Nimekuelewa hivi: kijana anapita saa 30 kazini bila usingizi wa maana, anaambiwa ndivyo udaktari ulivyo, na wewe unayejua usingizi humfanya nini mtu aliyeshika usukani huwezi kulimeza hilo. Uko sahihi kutolimeza. Ila mama naye ana hoja, tena ndiyo ngumu kuliko zote, na sitaipita juu juu. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na kwa miaka kadhaa kupanga zamu za mainterni ilikuwa kazi yangu. Kwa hiyo nimekesha, na nimewakeshe­sha wengine pia.

Tuanze na mwili kuzoea. Hauzoei. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima wenye afya njema waliopunguziwa usingizi kwa wiki mbili mfululizo. Waliolala saa sita au pungufu kila usiku, umakini wao ulishuka siku hadi siku mpaka wengine wakafikia hali ya mtu aliyekesha usiku mbili. La kushangaza ni majibu yao walipoulizwa wanajisikiaje: walisema wana usingizi kidogo tu. Uwezo uliendelea kuporomoka, lakini ile hisia ya kuchoka ilifika mahali ikatulia. Kwa hiyo bosi wa mwanao hasemi uongo. Anasimulia alivyojisikia zamani, na alivyojisikia si kipimo cha alivyokuwa akifanya kazi.

Sababu yake iko hivi. Usingizi unaendeshwa na mambo mawili yanayofanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni deni. Tangu dakika unayoamka, kemikali iitwayo adenosini inaanza kujikusanya kwenye ubongo, na jinsi inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kulala ndiko kunakoipunguza. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinakaa tu mahali ambapo adenosini ingeshika, ikashindwa kufikisha ujumbe wake. Deni lenyewe liko palepale, na dawa ya kahawa ikiisha linarudi lote. La pili ni saa ya mwili, iliyo ndani kabisa ya ubongo na inayofuata mwanga wa jua. Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili liko chini na umakini uko chini, hata kwa mtu aliyelala mchana. Wewe saa hizo unazijua kuliko mimi. Interni aliyeingia saa moja asubuhi anazifikia akiwa na deni la saa 20 juu yake.

Watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, mwaka 1997 walilinganisha kukesha na pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vipimo vyao kama mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Alipofikisha saa 24, alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10 hivi. Hicho ni kiwango ambacho trafiki akikupima nacho hakuachii.

Kuna na jambo la tatu ambalo madaktari wenyewe hulisahau: kuamshwa ghafla. Interni amejilaza nusu saa kwenye chumba cha madaktari, simu inaita kutoka leba. Anajibu, sentensi zimenyooka, anatoa agizo la dawa, na asubuhi hakumbuki kama aliongea na mtu. Dakika za mwanzo baada ya kuamka ubongo haujarudi wote, na ukiamshwa kutoka usingizi mzito wenye deni ndani yake hali hiyo hudumu zaidi. Wauguzi wazoefu wanalijua hili bila kusomea. Wanakwambia, “Daktari, nawa uso kwanza, kisha njoo uniandikie.”

Watu hudhani daktari aliyechoka anakosea kwa kukata mshipa. Mara nyingi kosa lenyewe ni nukta. Chukua wodi ya watoto wachanga, saa kumi alfajiri. Kichanga ana kilo 3, anahitaji gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kila kilo, yaani miligramu 15. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kwa hiyo anatakiwa avutiwe mililita 0.37 hivi. Mchana interni anaipiga hesabu hii huku anaongea na mtu. Saa kumi alfajiri anaandika 3.7, anairudia kuihakiki, na haoni kitu, kwa sababu ubongo uliochoka ukisoma mwandiko wake wenyewe unasoma ulichokusudia kuandika. Hapo anayeokoa ni muuguzi, atakayeshangaa inakuwaje dozi ya kichanga imalize karibu vichupa viwili. Kama muuguzi huyo yuko peke yake na vichanga wodi nzima, huenda asishangae.

Na anayeumia si mgonjwa peke yake. Utafiti wa mwaka 2005 uliofuatilia mainterni wa Marekani ulikuta kwamba baada ya zamu ya saa 24 na zaidi, hatari ya kupata ajali ya gari wakirudi nyumbani ilikuwa zaidi ya mara mbili kuliko baada ya zamu ya kawaida. Mwaka uliofuata watafiti wa kundi hilohilo wakaonyesha kuwa kujidunga sindano na kujikata kazini kunaongezeka usiku na baada ya kukesha. Kwetu hilo la sindano lina uzito wake, maana tunafanya kazi penye VVU na homa ya ini. Kwa hiyo usilichukulie lile la daladala kama kichekesho cha nyumbani. Mwili ulijizima wenyewe na yeye hakuwa na kauli. Mshukuru konda, na mshukuru Mungu kwamba kijana hana pikipiki.

Sasa nchi zilizoweka ukomo. Huko Marekani jambo lilianza na baba mwenye hasira kama wewe. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alipelekwa hospitali jijini New York akiwa na homa na kutetemeka. Alihudumiwa na madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, mmoja wao interni aliyekuwa na wagonjwa wengine wengi wa kuangalia usiku huo. Binti alikuwa akitumia finelzini, dawa ya sonona, akapewa pethidini, dawa kali ya maumivu, na dawa hizo mbili hazipatani. Alifariki asubuhi. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwanasheria na mwandishi wa habari, na hakukubali yaishe. Jopo la raia lililoitwa na mahakama halikumshtaki daktari yeyote kwa mauaji. Liliulaumu mfumo wa kumwacha daktari mchanga, aliyechoka, bila wa kumsimamia. Ikaundwa kamati chini ya Dk. Bertrand Bell, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo: saa 80 kwa wiki, na zisizidi 24 mfululizo.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye zile saa 80. Bell mwenyewe kwa miaka mingi alisisitiza jambo jingine, kwamba tatizo kubwa lilikuwa usimamizi: bingwa yuko nyumbani, amelala, na mtoto wa watu yuko wodini anaamua peke yake. Nakubaliana naye, na nitalirudia nikifika kwa mama.

Mwaka 2003 chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari Marekani kiliifanya saa 80 kuwa kanuni ya nchi nzima, kwa wastani wa wiki nne. Mwaka 2011 kikakaza zaidi: daktari wa mwaka wa kwanza asipite saa 16 mfululizo. Halafu mwaka 2017 kikalegeza na kurudi kwenye saa 24, pamoja na nyingine hadi nne za kukabidhi na kumalizia kazi. Ulaya walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya saa za kazi inasema saa 48 kwa wiki kwa wastani na mapumziko ya saa 11 kila siku, na madaktari walio mafunzoni waliingizwa humo hatua kwa hatua: saa 58 mwaka 2004, 56 mwaka 2007, 48 mwaka 2009. Mahakama ya Ulaya nayo iliamua, kwanza kwa kesi ya madaktari wa Hispania mwaka 2000 na kisha ya daktari wa Ujerumani mwaka 2003, kwamba daktari aliyetakiwa kukaa hospitalini usiku yuko kazini hata kama amefumba macho. Waajiri wengi waliona uamuzi huo mchungu. Mimi naona ni wa haki, maana mtu anayesubiri simu halali kama mtu aliye kwake. Afrika Kusini, ambayo hospitali zake zinafanana zaidi na zetu kwa msongamano, interni amewekewa saa 24 na mbili za kukabidhi, kutoka 30 za zamani.

Walipata nini? Hapa nitakwambia ukweli wote, hata ule usioisaidia hoja yangu. Utafiti uliowatia watu moyo ni wa mwaka 2004, katika wodi za wagonjwa mahututi za hospitali moja ya Boston. Mainterni walipokuwa kwenye ratiba ya zamani ya zamu za saa 24 na zaidi, makosa makubwa yalikuwa asilimia 36 zaidi ya walipokuwa kwenye zamu fupi. Baada ya hapo kila mtu alitegemea kwamba ukikata saa, vifo vitapungua. Zikafanyika tafiti mbili kubwa, moja kwa madaktari wa upasuaji na nyingine kwa wa magonjwa ya ndani, zikilinganisha vituo vilivyobanwa na vituo vilivyoachiwa kupanga zamu ndefu ndani ya zile saa 80. Wagonjwa hawakutofautiana kwa namna ya maana. Kisha mwaka 2020 yakatoka matokeo ya wodi sita za watoto mahututi: makosa yaliongezeka kwenye ratiba ya zamu fupi.

Waliokuwa wakipinga ukomo walishangilia. Lakini ukiyasoma matokeo hayo kwa utulivu utaona kilichotokea. Kwenye ratiba ya zamu fupi, wagonjwa kwa kila daktari waliongezeka. Saa zimekatwa, watu hawakuongezwa, kazi imebaki ileile, kwa hiyo kila mtu akabebeshwa zaidi ndani ya muda mfupi. Watafiti walipolizingatia hilo kwenye hesabu zao, ule ubaya wa zamu fupi haukuonekana tena. Hilo ndilo ninaloliamini baada ya kupanga ratiba kwa mikono yangu: ukomo wa saa ni wa lazima, lakini ukiandikwa peke yake, bila kugusa idadi ya wagonjwa na namna ya kukabidhiana, unahamisha tu uchovu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Ndiyo maana mfano wako wa basi ni mzuri, ila una mahali unapokatika. Dereva wa pili amekaa humo humo ndani ya basi. Daktari wa pili anaingia wodini saa moja asubuhi akitoka kwake, anakuta wagonjwa arobaini ambao hajawahi kuwaona, na mwenzake ana haraka ya kwenda kulala. Kama makabidhiano ni “kitanda cha saba mwangalie, wengine wako sawa,” basi mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili ambaye vipimo vyake vya figo vilikuwa havijarudi amesahauliwa rasmi. Hofu ya mama ina ukweli mwingi hapo: kila zamu unayoongeza ni makabidhiano unayoongeza. Lakini makabidhiano yanafundishika. Mwaka 2014 hospitali tisa za Marekani na Kanada ziliwafundisha madaktari vijana utaratibu mmoja wa kukabidhiana, wa mdomo na wa maandishi: hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi gani, muhtasari wake, kilichobaki kufanywa, nini kinaweza kuharibika usiku na ufanye nini kikiharibika, kisha anayepokea anarudia alichoelewa. Makosa yalipungua kwa asilimia 23. Utaratibu huo ukiwa na karatasi na kalamu unatosha. Hauhitaji kompyuta wala mfadhili.

Na madaktari wa kuongeza je? Hapa nakasirika kidogo, mnisamehe. Tanzania na Kenya kote wako vijana waliomaliza interni, wana leseni, na wako nyumbani wakisubiri ajira, huku wodi zinaendeshwa na mtu mmoja usiku. Anayesema hakuna watu wa kujaza zamu aseme vizuri: hakuna fungu la mishahara. Hilo ni jambo la bajeti na lijadiliwe kama jambo la bajeti, lisifunikwe kwa hadithi za zamani za kusota.

Yapo pia ambayo hayasubiri bajeti. Mfuate interni usiku mmoja uone anafanya nini. Anatoa damu ya vipimo, anaipeleka maabara mwenyewe, anarudi kufuata majibu, anakwenda benki ya damu na karatasi, anasukuma machela kwenda eksirei kwa sababu mhudumu hayupo. Miguu yake ndiyo inayofanya kazi kuliko kichwa chake. Mhudumu mmoja wa kutumwa usiku anaweza kumrudishia daktari saa mbili za kulala, na mshahara wake haulingani na wa daktari. Simu nazo: wauguzi wakikusanya maswali yasiyo ya haraka na kuyauliza pamoja saa nne usiku, badala ya kuamsha mtu kila dakika ishirini kuomba panado, usiku unakuwa usiku mwingine. Na bingwa akipiga simu mwenyewe saa tano kuuliza “nani anakutia wasiwasi?”, interni hatasubiri mpaka mgonjwa azidiwe ndipo aone haya kumwamsha mkubwa.

Basi saa ngapi ndizo sahihi? Kuliko idadi ya wiki, mimi naogopa zaidi zile zinazofuatana. Wiki ya saa 60 iliyogawanywa vizuri ina hatari ndogo kuliko wiki ya saa 50 yenye mkupuo wa saa 34 ndani yake. Kwa hospitali zetu za mikoa ningeweka saa 24 kuwa mwisho kabisa, makabidhiano yakiwa humo humo ndani, na aliyekesha asionekane wodini mpaka kesho yake asubuhi. Saa 24 bado ni nyingi, sitakudanganya. Nazikubali kwa sababu idara yenye mainterni wanne ikikimbilia zamu za saa 12 leo, itabaki na mtu mmoja peke yake nyakati ambazo leo ina wawili. Idara yenye watu wanane au zaidi haina sababu hiyo, na inaweza kuanza mwezi ujao.

Sheria yetu hapa Tanzania inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Ukijumlisha, haifiki saa 58 kwa wiki. Mwanao, wiki yenye Jumamosi ile, anakaribia 80 hata kama siku nyingine anatoka saa kumi jioni. Lakini sheria hiyohiyo inaachia kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida, na hospitali hupenda kujificha hapo. Ninavyoona mimi, mama kuja kujifungua saa nane usiku si dharura ya kushtukiza kwa mwajiri. Anajua kila usiku watakuja. Kama kifungu kinambeba interni kwa mkataba alionao, mwanasheria ndiye wa kuusoma mkataba huo. Msiingie ofisini kwa mtu mkitaja vifungu kabla hajausoma.

Hapo tumefika kwenye swali lako la mwisho, na jibu langu ni usiende. Najua ni vigumu. Lakini yule bosi ndiye anayeweka sahihi kwamba kijana amekamilisha idara yake, na bila sahihi hizo hapati usajili kamili. Baba akitokea ofisini, kijana ataonekana mtoto, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye ratiba kwenda kwenye malezi yake. Waende wao, wakiwa pamoja. Kwanza kila interni wa idara aandike kwenye daftari, kwa wiki nne, saa aliyoingia, saa aliyotoka na saa alizolala, bila chumvi na bila lawama kwa mtu. Kisha waandae wenyewe ratiba mbadala kwa idadi ileile ya watu, ambayo anayekesha anapumzika siku inayofuata. Nilipokuwa napanga zamu, malalamiko niliyapokea kwa wingi na kuyasahau mengi; aliyeniletea ratiba iliyokwisha kupangwa alinilazimisha kuisoma. Waianzie kwa msimamizi wa mainterni, halafu mganga mfawidhi. Ikikwama huko, Chama cha Madaktari kipo, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo lenye dhamana na mafunzo yao. Waombe kitu kimoja kwanza, mapumziko baada ya kukesha. Wakiomba saba watapewa kamati.

Kazi yako wewe iko nyumbani. Siku ya zamu ndefu alale mchana au jioni iliyotangulia hata saa moja na nusu. Usingizi wa kabla una faida kuliko kahawa ya baadaye. Akitoka kazini asiendeshe chombo chochote. Kama unaweza, mlipie teksi au mtume mdogo wake akampokee. Chumba kiwe giza, simu ikae kwako. Nyumba zetu zina tabia moja: mtu aliyelala saa sita mchana huonekana mvivu au mgonjwa, na akiwa macho kidogo tu anatumwa dukani, au anaambiwa kuna msiba wa jirani aende akawakilishe. Wewe ndiye mwenye sauti ya kusema hapana, daktari amelala.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usisubiri ratiba ibadilike. Akijidunga sindano yenye damu ya mgonjwa, aoshe mara moja kwa maji na sabuni na aripoti saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 nafasi hiyo imepita. Asione haya, wala asijiandikie dawa mwenyewe kimyakimya. Akianza kutumia vidonge vya usingizi, tramadoli au pombe ili alale, au akipata siku ya kupumzika na bado hawezi kulala, huo si uchovu wa kawaida tena. Anahitaji daktari wa kumwona ana kwa ana. Vivyo hivyo akiacha kula, akilia bila sababu anayoweza kuitaja, au akiwaongelea wagonjwa wake kwa chuki ambayo hakuwa nayo. Na akisema, hata kwa utani, kwamba heri asingeamka, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke kwa daktari wa afya ya akili, na kama inawezekana iwe hospitali nyingine, ili anayemhudumia asiwe mtu atakayekutana naye kwenye raundi ya Jumatatu.